Tunanunua kwa sababu tunaona haya kuazima

JiraniNamba7 (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Uzi huu ni mrefu, nitauweka kwa vipande. Nauandika Novemba hii kwa sababu tangu wiki jana simu yangu haijatulia: punguzo hapa, punguzo pale, Black Friday ya wiki nne. Marekani hiyo ni siku moja tu, Ijumaa inayofuata Alhamisi ya nne ya Novemba, ambapo watu huwa wamekaa mezani na jamaa zao kushukuru. Sisi Alhamisi ya shukrani tuliiacha huko huko, tukabeba Ijumaa ya kununua.

Kuna wakati Novemba kama hii ilinikuta na orodha tayari. Nieleze ilikuwaje.

Naishi Donholm, Nairobi, ghorofa ya pili, ploti ya nyumba kumi na sita. Nafanya kazi ya hesabu katika kiwanda kimoja kule Industrial Area. Mimi na mke wangu tulihamia hapa mwaka 2018 kutoka bedsita ya Pipeline, na vyumba viwili vyenye roshani tuliviona kama ikulu. Usiku wa kwanza tuliongea tukasikia sauti zetu zikigonga ukuta na kurudi. Tukaogopa mgeni asije akausikia mwangwi ule. Ndipo tukaanza kujaza.

Kochi la kona kwa mkopo wa chama. Runinga ya inchi 55 kwa lipa mdogo mdogo. Friji ya milango miwili kwa mkopo wa simu, na ule mkopo tukaufunika kwa mkopo mwingine. Wufa, zulia, blenda, mashine ya kukanda unga wa chapati, drili. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa nadaiwa sehemu nne. Mshahara uliingia tarehe 28, na tarehe 3 nilikuwa tena kwenye simu nikiomba nauli. Kampuni sitazitaja, vidole vilivyobonyeza "kubali" vilikuwa vyangu. Lakini nataka mjue hali ya mtu anayekaa kwenye kochi la shilingi 85,000 na kuhesabu kama mafuta ya kupikia yatafika Ijumaa.

Agosti 2021 mama alikuja kutoka kijijini kwetu Mwala, Ukambani. Alileta muthokoi (mahindi yaliyokobolewa), ndengu na kuku mmoja. Jumapili jamaa zetu wa Nairobi walikuwa waje kumsalimu, watu kama ishirini, na sisi sufuria yetu kubwa kabisa ilikuwa ya watu sita. Jumamosi asubuhi nikashuka, nikapanda matatu hadi dukani, nikanunua sufuria ya shilingi 2,400. Pesa za simu, bila shaka.

Niliporudi nilimkuta mama kwenye kibaraza cha ghorofa yetu, ameketi kwenye kigoda, anapepeta maharagwe kwa ungo. Mbele yake ameketi mwanamke wa namba 9. Kwa miaka mitatu mimi na yule mwanamke tulikuwa tunapishana kwenye ngazi na kutikisiana vichwa. Kwenye roshani yake sufuria ya kupikia harusini ilikuwa tayari jikoni, muthokoi unachemka. Ungo wake, sufuria yake, jiko lake la makaa.

Mama akaitazama sufuria yangu mpya, karatasi ya bei bado imebandikwa ubavuni. Akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, hiyo kesho kutwa utapikia nini?"

Sikuwa na jibu, wala sikuwa nalo usiku.

Katika saa mbili tu mama alikuwa amejua kwamba namba 9 ni muuguzi wa zamu za usiku. Kwamba namba 12 ni watu wa Bungoma wenye pacha. Kwamba mzee wa namba 3 alifanya kazi reli, amestaafu, anaishi peke yake na ana shinikizo la damu. Mimi niliyekuwa nikiishi hapo nilijua nambari za milango.

Nikamuuliza aliwezaje kugonga mlango wa mtu asiyemjua. Swali lenyewe lilimshangaza. Akasema, "Kwani ukiazima sufuria unapungukiwa nini?" Akaanza kunihesabia ya nyumbani: plau moja kwa boma nne, sufuria mbili kubwa kwa kijiji kizima na moja ni ya akina mama wa kanisa, siku za mwethya, yaani kazi ya pamoja, kila mtu na jembe lake lakini uji unapikwa sehemu moja. Mwenye kinu hakuwa tajiri kuliko asiyekuwa nacho. Alikuwa mtu mwenye wageni wengi.

Naendelea kesho, nina zamu ya kuwalaza watoto.

---

Mpangaji_Zimma

Nimeshika nafasi. Endelea mkuu.

---

JiraniNamba7

Kipande cha pili.

Jambo lililoninyima usingizi baada ya mama kuondoka lilikuwa lile la aibu, kuliko hata madeni yenyewe. Kugonga mlango wa namba 9 na kusema "niazime sufuria" niliona haya kiasi cha kupanda matatu na kutumia pesa nisizo nazo. Lakini saa nane usiku, gizani, kukopa shilingi 5,000 kwenye simu, sikuona haya hata kidogo. Aibu yangu ilikuwa imekaa mahali pasipo pake.

Nadhani hivi ndivyo tulivyofika hapa. Zamani deni lilikuwa na uso. Kule Mwala mwenye duka alikuwa na daftari lake, na ukiwa na deni la sukari ulipita njia ya nyuma ya shule usikutane naye. Lilikuuma, na kwa sababu linauma, ulikopa sukari tu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 tulifurahi na mpaka leo naishukuru, mama hupata pesa zake kabla sijamaliza kusema "nimetuma". Ila mwaka 2012 mkopo nao ukaingia ndani ya simu ile ile, na kufikia 2019 ikawezekana hata kulipa kwa pesa ambazo hazimo kwenye akaunti yako. Deni likakosa uso. Hakuna wa kumkwepa njiani. Wakati huo huo jirani, ambaye uso anao, ndiye tukaanza kumkwepa.

Basi tunanunua. Kila nyumba ngazi yake, drili yake, sanduku lake la safari, viti vyake vya plastiki vya wageni. Tunaita hiyo kujitegemea.

Nilichukua daftari nikaandika kila kitu cha nyumbani kilichozidi shilingi 1,000, na pembeni mara ngapi tulikitumia mwaka ule. Nilijilazimisha kuandika ukweli. Drili, mara mbili. Mashine ya kukanda unga, mara tatu, na mara zote mke wangu alimalizia kwa mkono. Sanduku kubwa, mara moja. Hema tulilonunua la kwenda kupiga kambi, halijafunguliwa. Vitu vilivyotumika chini ya mara kumi na mbili kwa mwaka vilinigharimu zaidi ya mshahara wangu wa mwezi mmoja na nusu. Sasa piga picha nyumba kumi na sita, zote na drili iliyolala juu ya kabati.

Huko Vancouver, Kanada, mwaka 1992 walianzisha Siku ya Kutonunua Kitu, na baadaye wakaipeleka kwenye ile ile Ijumaa ya Black Friday. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini kwangu siku moja ya kujizuia isingetosha, kwa sababu Jumamosi ningekuwa bado sina ngazi na bado namwogopa jirani.

Nilianza hivi. Pasi yetu iliungua, siku ya shule, sare za watoto zina makunyanzi. Mkono ukaenda kwenye simu kutafuta bei. Nikauzuia. Nikaenda namba 9, nikasimama mlangoni karibu dakika nzima na kidole kiko hewani. Nikagonga.

Yule dada akanipa pasi, halafu akasema, "Afadhali umekuja. Nimekuwa nataka kukuuliza kama una ngazi. Balbu ya bafuni iliungua tangu mwezi jana, naoga kwa tochi ya simu."

Mwezi mzima. Ngazi yangu ilikuwa nyuma ya mlango wangu, hatua kumi kutoka bafu lake.

---

Kayole_Kwetu

Nimesoma yote, na nakuheshimu kwa kusema ukweli. Lakini nikueleze unavyosikika ukisomwa kutoka Kayole.

Sisi huku hatujakataa kununua, mfuko ndio umetukataza. Mafuta ya kupikia nayapima ya kumi, sukari ya ishirini, unga nusu kilo. Kila siku tunanunua kadogo, na kadogo ukikajumlisha mwisho wa mwezi tumelipa kuliko wewe unayebeba mtungi wa lita tatu. Na kuazimana hakujatutoka, hapa kwetu mlango haufungwi: chumvi, kiberiti, beseni, hata mtoto analala kwa jirani mama akiwa kazini. Hatuna uhaba wa hayo unayoyatafuta.

Lakini usiyapake sukari. Kuazima kila siku kunachosha roho. Jirani anajua huna chumvi, anajua huna gesi, kesho mtaa mzima unajua umelala njaa. Mama yangu alinunua kiti chake cha kwanza cha sofa akiwa na miaka hamsini na mbili, kwa pesa za kufua nguo za watu Buruburu. Kimoja tu, si seti. Siku kilipofika alikaa juu yake hadi usiku hataki kuinuka. Je, ule nao ni upenzi wa vitu? Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Walijua.

---

MamaWaMtumba

@Kayole_Kwetu umenitoa machozi na hicho kiti.

Mimi nauza Gikomba, nguo za watoto, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nilifungua uzi huu nikidhani ni wale wa "acheni kununua", nikajiuliza, wakiacha mimi nitakula nini? Lakini acha niseme ninachokiona nikikata kamba za mtumba.

Nilipoanza, mtumba mmoja ulikuwa na kamera nyingi, yaani nguo za daraja la kwanza. Gauni la mtoto lilivaliwa na dada, likavaliwa na mdogo wake, likapelekwa ushago likavaliwa tena. Sasa naona nguo zina karatasi ya bei bado, mzungu hakuzivaa hata mara moja, na bado hazifai. Kitambaa ni kama utando. Unaifua mara tatu inapinda. Nikifungua kuna rundo ambalo hata kwa shilingi kumi haliendi. Rundo hilo nani analichukua? Lingine linachomwa, lingine linaishia mtoni hapa nyuma yetu, Mto Nairobi, lingine kwenye jaa la taka la Dandora. Dandora ilifunguliwa 1975, mwaka 2001 wakasema imejaa, na malori bado yanaingia mpaka leo asubuhi. Kwa hiyo mtu wa Ulaya akinunua asichohitaji, mlima unaokua ni wetu.

Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ipunguzwe hadi iishe. Tulitetemeka sokoni. Marekani ikatishia kutuondolea nafasi ya kuuza nguo zetu kwao bila ushuru, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikabaki na msimamo wake. Nilishukuru siku ile kwa sababu nina watoto wanne. Sijui kama leo ningeshukuru vile vile.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Ukija kwangu chagua nguo uishike, uivute mshono, uitazame kwenye mwanga. Kando yangu kuna fundi cherehani, kwa shilingi hamsini anapunguza kiuno au kubadilisha zipu. Zamani kila mteja wa tatu alipita kwake. Siku hizi anakaa anatazama watu.

---

Fundi_Luthuli

Nathibitisha hilo la mafundi. Blenda za zamani zilikuwa na skrubu nne tu, nafungua, nabadilisha kaboni, inarudi kazini miaka mingine mitano. Siku hizi zimegandishwa kwa gundi, ukifungua umevunja. Mteja ananiuliza "kutengeneza ni ngapi na mpya ni ngapi", nikimpa bei zote mbili anaondoka bila kuniaga. Simlaumu. Lakini mtu akinunua kifaa, aulize muuzaji swali moja kabla ya rangi na bei: hiki kinafunguka?

---

MwanaWaPate

Salaam alaikum jamaa. Mimi niko Pumwani ila asili yangu ni kisiwani Pate. Nimeona humu watu wanaandika kama kwamba kujionyesha kwa vitu tumeletewa na simu. Si kweli. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zina vidaka ukutani, safu juu ya safu, vilivyokatwa kwa ustadi ili mwenye nyumba apange sahani za Kichina mgeni azione anapoingia. Bibi yangu alikuwa na sahani moja ya namna hiyo. Haikuliwa chakula kamwe.

Ukienda Gedi leo, karibu na Malindi, utaona msikiti mkubwa, jumba la mfalme, visima, na vipande vya kauri ya China vilivyofukuliwa. Mji uliachwa karne ya 17. Mimi nilipelekwa na shule nikiwa darasa la sita, na nilichokumbuka ni kwamba mizizi ya miti imepita katikati ya kuta za watu waliokuwa na sahani nzuri kuliko za bibi.

Hata hivyo kisima cha mji kilikuwa cha kila anayepita. Wale waliopanga sahani ukutani hawakuona haya kuchota pamoja. Nadhani ndipo ninapokubaliana na mwenye uzi.

---

Mpangaji_Zimma

Mimi nina swali la kawaida tu. Ploti yetu kuna mtu aliazima mtungi wangu wa gesi wa kilo sita "hadi kesho". Huu ni mwezi wa tano. Unafanyaje?

---

JiraniNamba7

Nianze na @Kayole_Kwetu, kwa sababu maneno yako nimeyasoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na mke wangu.

Kiti cha mama yako sikiiti upenzi wa vitu. Kile kiti kina miaka yake ndani. Kochi langu la kona halikuwa na mwaka wangu hata mmoja, lilikuwa na miaka niliyokuwa sijaishi bado, maana nililinunua kwa mishahara ya kesho. Na siku lilipofika sikulikalia hadi usiku. Nililipiga picha.

Lile la kuazima kuchosha roho, umenifundisha kitu nilichokuwa nakipita juu juu. Mwenye kuazima kila siku bila kuombwa chochote anavuliwa nguo, ni kweli. Mwanzoni mimi nilitaka nianze kwa kuwaazima wenzangu. Nilitaka niwatangazie, "jamani nina drili, nina ngazi, njooni." Mke wangu ndiye aliyenizuia. Alisema ukianza kwa kutoa utakuwa bwana mkubwa wa ploti, na watu watakuogopa vile vile. Anza kwa kuomba. Kweli nilipoomba pasi, dada wa namba 9 alipata njia ya kuomba ngazi. Ningempelekea ngazi bila kuombwa angeshukuru na kufunga mlango.

Kwa hiyo kwa anayetaka kujaribu, na hasa sisi tunaojiweza kidogo: gonga mlango ukiwa mhitaji. Ni kazi ngumu kuliko kutoa.

Sasa @Mpangaji_Zimma na mtungi wake. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuazimana bila utaratibu kunaishia ugomvi, nasi ugomvi tuliuonja.

Baada ya ile pasi, mambo yalikwenda kwa mdomo miezi kadhaa. Kisha namba 5 akachukua drili yangu, akampa shemeji yake wa Rongai, ikarudi imeungua inanuka moshi. Nikakasirika, naye akakasirika kwa sababu nimekasirika. Wiki mbili hatukusalimiana. Wale pacha wa namba 12 walikuwa wanacheza na wanangu, wakaanza kuulizana kwa nini baba zao wa ploti hawaongei.

Aliyetupatanisha ni mzee wa namba 3, yule wa reli. Alisema relini hakuna spana iliyotoka stoo bila kuandikwa, na si kwa sababu watu walikuwa wezi, bali kwa sababu mtu husahau. Akanunua daftari la kurasa 96, akalifunga kwa kamba kwenye mlango wa msimamizi wa ploti pamoja na kalamu. Safu nne: kitu, kimetoka namba gani, kimekwenda namba gani, tarehe. Kikirudi unapiga mstari.

Masharti yalikuja yenyewe kadiri tulivyoumia. Kitu hakitoki nje ya geti. Ukikiharibu mnagawana gharama nusu kwa nusu, kwa sababu kitu cha mwenzio nacho kilikuwa kimezeeka. Raba ya presha kuka ikipotea ni ya aliyepika mwisho, hakuna mjadala. Kinachoisha, kama gesi, mafuta na unga, hakiandikwi kama kuazima: unarudisha kipimo kile kile wiki hiyo, au unasema mapema kwamba huna, na mtu akisema hana hatuulizi tena. Pesa hatukopeshani kupitia daftari lile. Pesa zina chama chake.

Kwa hiyo mtungi wako, ndugu, nenda ukamwambie jirani kwamba unauhitaji Jumamosi hii. Usimtajie miezi mitano. Nina hakika anakukwepa kwenye ngazi na anaumia kuliko wewe.

Kwenye daftari sasa kuna ngazi mbili, si tano. Nyingine tatu ziliuzwa. Mashine yangu ya kukanda unga nimemuuzia mama anayepika chapati hapo stendi, yeye anaitumia kila alfajiri. Runinga niliirudisha ili deni lifungwe, tunayo ndogo. Januari, ile Njaanuari yetu, ndiyo huonyesha tofauti zaidi: wiki ya kwanza tunatandaza mikeka kwenye paa, kila nyumba inaleta sare, viatu na vitabu vilivyobanwa na umri, watoto wanapimishana. Mwaka huu mwanangu wa pili alikwenda shule na sweta la namba 14, na binti wa namba 6 amevaa sketi ya mkubwa wangu. Hakuna aliyeona haya kwa sababu kila mtu amevaa cha mwenzake.

Madeni nilimaliza Machi mwaka jana. Ilichukua muda.

---

BintiTetu

Mnaposema masweta yanayopokezana nakumbuka jinsi Profesa Wangari Maathai alivyotoka Japani mwaka 2005 akizungumza juu ya neno lao moja, mottainai. Kwa ufupi ni majuto ya kukiacha kitu kipotee bure kabla hakijatoa thamani yake. Alilibeba akalisema kila alipokwenda. Huku kwetu wengi humkumbuka kwa miti, kwa kuitetea bustani ya Uhuru Park 1989 na msitu wa Karura 1999, lakini mimi kinachonigusa zaidi ni jinsi alivyoondoka. Alifariki Septemba 2011. Alikuwa ameomba asikatiwe mti kwa ajili ya jeneza. Akaagwa kwa heshima za kitaifa ndani ya jeneza la mianzi, mafunjo na magugu-maji, akachomwa kwenye tanuri la maiti la Kariokor. Mtu wa Nobeli.

Nasema hivi kwa sababu mwezi uliopita tulimzika mjomba. Kamati ilikaa mara saba. Hema, spika, magari ya kukodi, jeneza lenye vioo, fulana zenye picha yake. Mjane amebaki na deni la hospitali. Kila mmoja kwenye kamati alijua, na hakuna aliyethubutu kusema. Mimi nilikuwa mhazini. Sikusema. Nimekuwa nikitafuta mahali pa kuliandika hili.

---

Kayole_Kwetu

@BintiTetu pole sana dada. Umelisema sasa.

@JiraniNamba7 hiyo ya "anza kwa kuomba" nimeielewa. Na hilo la kutouliza mara ya pili mtu akisema hana, hilo ndilo tulilokosa huku. Nitalipeleka kwa akina mama wa ploti.

---

Mpangaji_Zimma

Nimekwenda. Kumbe mume wake aliachishwa kazi Julai. Mtungi ulikuwa tupu, aliona haya kuurudisha bila kuujaza. Tumekubaliana tuutumie pamoja, wiki yeye wiki mimi, hadi mambo yake yanyooke.

---

MwanaWaPate

Allah akulipe.

---

JiraniNamba7

Kipande cha mwisho, kisha niwaachie uwanja.

Mliniuliza kwenye ujumbe wa faragha muda uliobaki tunaufanyia nini. Wikendi zetu tulikuwa tunazimaliza kwenye maduka makubwa, watoto wanazunguka, sisi tunatazama vioo, tunarudi tumechoka na tumenunua. Sasa mara nyingi tunakwenda maktaba ya Makadara. Ni tawi la McMillan, ile ya mjini iliyofunguliwa 1931 na ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia, hadi karibu na uhuru. Wanangu wanaingia kama nyumbani kwao. Jumuiya nzima inaazima kutoka rafu zile zile. Mzee wa reli alikuwa akienda nasi, akisoma magazeti.

Nimesema alikuwa. Aprili alianguka nyumbani kwake. Aliyemkuta ni kijana wa namba 11, amekwenda kurudisha kisanduku cha spana saa mbili usiku, akagonga hakujibiwa, na kwa sababu daftari lilionyesha kwamba mzee hakuwa ametoka, akaita watu. Dada wa namba 9 alikuwa anajiandaa kwenda zamu. Alimhudumia sakafuni hadi gari lilipofika. Mzee alipona, mkono wa kushoto haufanyi kazi vizuri, na mwanawe amemchukua Voi. Spana zake alituachia. Zimeandikwa "za ploti" kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake.

Angelala pale sakafuni hadi lini mwaka 2019, nikijua nambari ya mlango wake tu?

Na ile sufuria ya shilingi 2,400, kuna mtu aliuliza iko wapi. Ndiyo kitu kinachoandikwa zaidi kwenye daftari zima. Nimeshuka kuangalia kabla ya kuandika hapa. Ilitoka kwangu Jumatatu kwenda namba 6, wakafanya sherehe ya mtoto, haikurudi kwangu, ikapitishwa moja kwa moja namba 12. Wana wageni kutoka Bungoma, kuna posa. Mstari bado haujapigwa.

Mama anakuja Ijumaa. Nitamwambia aulize mwenyewe.